Jiografia ya binadamu kwenye kaunta ya duka la mabati

Naandika kwa ajili ya mtu mzima mwenye kazi yake, pengine na watoto, aliyeishia kidato cha nne miaka ile na sasa anataka kukaa mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, tahasusi ya HGK, yaani Historia, Jiografia na Kiswahili. Historia ataimudu kwa kusoma sana. Kiswahili anadhani anakijua (asubiri afike kwenye fonolojia). Jiografia ina karatasi mbili: ya kwanza, ya mawe, mito, ramani na takwimu, ataiogopa; ya pili, ya watu, miji, kilimo na viwanda, ataiona mteremko. Kwangu hiyo ya pili ndiyo iliyonitoa jasho, na sikumwona mtu aliyenionya.

Mimi ni muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani, Tanga mjini. Mabati, saruji, nondo, misumari, rangi. Jioni nikifunga mahesabu nilikuwa nakimbilia tuisheni, darasa la benchi za mbao lililojaa vijana ambao wengi wao walizaliwa nilipokuwa naondoka sekondari. Waliniita anti. Wiki za mwanzo nilikaa nyuma kabisa, si kwa kupenda, ni aibu tu. Ukianza utaipata na wewe. Inakwisha siku kijana wa kwanza atakapokuomba umweleweshe kitu.

Pesa kwanza, maana ndizo zinazowatoa watu njiani. Ada ya mtihani unaijua mapema na unailipa mara moja. Ila usisubiri dirisha la usajili lifungwe, kuna faini. Inayokula mtu ni ile ndogondogo: kopi za notisi, bando, bajaji ya usiku, na zile Jumapili nilizoomba ruhusa bila malipo. Kopi ndizo ninazozijutia zaidi. Notisi zinazouzwa mitaani zimekopiwa kutoka kwenye kopi ya kopi. Za kwangu zilisema Tanzania ina watu milioni 34, hesabu ya sensa ya 2002, wakati sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Notisi moja iliyochakaa inaweza kukuharibia jibu zima, kwa sababu msahihishaji akiona takwimu hiyo anajua hukusoma, ulirithi.

Mwalimu wetu alikuwa mzee mstaafu mwenye sauti ndogo. Jaribio lake la kwanza lilituuliza tutofautishe mtawanyiko wa watu na msongamano wa watu, kwa mifano. Darasa zima tuliandika fasili zilezile, neno kwa neno, kama tuliotumwa. Akarudisha karatasi, akasema, "Wanangu, mmenisomea. Sasa kila mmoja aniambie, mkoa wetu una msongamano kiasi gani, na kwa nini hesabu hiyo inadanganya." Kimya.

Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la sita anaiweza: watu ugawanye kwa eneo. Mkoa wa Tanga ulikuwa na watu 2,615,597 mwaka 2022, na nchi kavu yake inakaribia kilometa za mraba 26,700. Unapata watu 98 hivi kwa kila kilometa moja ya mraba. Sasa mtafute huyo wa 98. Lushoto milimani, watu wamebanana mpaka shamba linagawanywa kwa vitalu vya kupanda karoti. Shuka Handeni au Kilindi, unatembea mwendo mrefu huoni moshi wa jiko. Hakuna mahali panapoishi watu 98. Hiyo ni namba ya wastani. Mtawanyiko ndio unaosema watu wako wapi na hawako wapi. Msongamano unasema wamebanana kiasi gani. Ukijibu moja kwa kutumia maelezo ya nyingine, maksi zinakwenda.

Kisha akatuzidishia. Gawanya watu wa nchi nzima kwa eneo lote la Tanzania, kama kilometa za mraba 945,000, unapata 65. Ondoa maji ya maziwa makuu, gawanya kwa nchi kavu tu, inakuwa 70. Vitabu viwili vinakupa majibu mawili na vyote viko sahihi. Tangu siku hiyo nikiandika msongamano naandika na eneo nililogawanyia. Msongamano mwingine unagawanya watu kwa ardhi inayolimika peke yake, na huo ndio unaoeleza vijana wa Lushoto kushuka mjini kuliko ule wa kawaida.

Baada ya hapo nikaacha kukariri usiku. Nilianza kusoma dukani, mchana, wateja wakipungua, na kitabu kilichonifaa kuliko vyote kilikuwa daftari la kupeleka mizigo. Kila anayenunua vya kupelekewa tunaandika: jina, bidhaa, mtaa, nauli ya guta au ya toyo. Nilipofika kwenye nadharia ya jinsi miji na huduma zake zinavyojipanga, ya Walter Christaller, Mjerumani aliyeitoa mwaka 1933 baada ya kuchunguza miji ya kusini mwa Ujerumani, sikuelewa kitu. Kizingiti, upeo, maumbo ya pembe sita kama masega. Nilitazama michoro ile mpaka kichwa kikauma.

Siku moja akaja mama kutoka Muheza kununua mabati ya nyumba nzima. Nikamuuliza, "Mama, Muheza hakuna mabati?" Akasema yapo, lakini huku anachagua geji na rangi, na bei inamlipa hata akitoa nauli ya gari. "Na misumari je?" Akanicheka. "Mwanangu, misumari nitoke Muheza?" Basi, upeo ndio huo: umbali ambao mtu yuko radhi kuufunga safari kwa ajili ya kitu fulani. Wa misumari unaishia kona ya mtaa, wa mabati unafika wilaya ya jirani, na wa daktari bingwa pale Bombo unachukua mkoa mzima. Kizingiti ni upande wa mwenye duka: idadi ya chini ya wateja wanaotakiwa ili biashara isife. Genge la nyanya linaishi kwa nyumba chache. Duka la mabati kule Kirare lingefungwa kabla ya mvua za masika. Nikalipitia daftari tena, safari hii nikiangalia mitaa tu, nikaona picha ambayo michoro haikunipa. Misumari na rangi za makopo madogo: Ngamiani, Makorora, Mabawa. Mabati na saruji: Kange, Pongwe, Mabokweni. Zile pembe sita ziache kwenye kitabu, mradi ujue zimetoka wapi: Christaller alichukulia kwamba nchi ni tambarare na wateja wametawanyika sawasawa. Tanga ina bahari upande mmoja. Sega letu limekatwa nusu.

Na hapo hapo likajibiwa swali jingine. Saruji ilikuwa inakwenda pembezoni, kwa watu wanaoanza msingi. Ngamiani tunawauzia rangi na kitasa, yaani nyumba ipo tayari. Mji unapanuka kwa nje, na mimi nilikuwa naandika ushahidi wake kila siku kwa kalamu ya bluu bila kujua.

Mwalimu alipenda sana kutega kwa maneno mawili yanayofanana: kukua kwa mji, na kuongezeka kwa sehemu ya watu wanaoishi mijini. Kwenye Kiingereza cha mtihani ni istilahi mbili tofauti, nusu ya darasa waliziona moja. Jiji la Tanga lilikuwa na watu 273,332 mwaka 2012 na 393,429 mwaka 2022. Huko ni kukua. Lakini mkoa nao ulikua, kutoka 2,045,205 hadi hao 2,615,597. Kama mkoa ungekua kwa kasi ileile ya jiji, mji ungekuwa mkubwa zaidi huku sehemu yake ndani ya mkoa ikibaki palepale. Piga hesabu: jiji lilikuwa kama asilimia 13.4 ya watu wa mkoa, likawa kama 15. Hapo ndipo unapoweza kusema watu wanahamia kwenye maisha ya mjini, tena useme kwa tahadhari, maana mkoa una miji mingine kama Korogwe na Handeni, na ndani ya mipaka ya jiji wamo watu wa Tongoni na Kirare wanaoishi kwa muhogo, minazi na uvuvi. Mpaka wa halmashauri si mpaka wa mji. Sentensi hii iandike kwenye mtihani, nakuhakikishia hutaijutia.

Njia ya mkato niliyoipenda: gawanya 70 kwa asilimia ya ongezeko la mwaka, unapata miaka ya idadi kuongezeka maradufu. Taifa, kwa asilimia 3.2, ni miaka 22 hivi. Jiji letu, kwa asilimia 3.6 hivi, ni kama miaka 19.

Uhamaji ndio niliodhani naujua. Tanga tunatajwa kwa ule msemo wetu, waja leo waondoka leo, na mwalimu aliutumia kutenganisha mambo: anayekuja asubuhi kutoka Muheza kununua mabati na kurudi jioni hajahama, yuko kwenye mizunguko, aliyehama amebadili makazi. Halafu akataka kila mmoja amhoji mhamaji mmoja. Vijana wengi waliwahoji jirani zao kwa dakika tano. Mimi nilikuwa na mteja, mzee wa Magaoni, Muha wa Kasulu, anayekuja kununua misumari ya bati kwa kuhesabu, kwa sababu paa lake anaziba tundu mojamoja.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nikamwambia nasoma, nataka kujua alifikaje Tanga. Akavuta ndoo ya rangi, akakalia. Alikuja kijana, akiwa manamba, kukata mkonge kwa mkataba. Nikamuuliza kilichomtoa kwao. "Kodi," akasema. "Baba anadaiwa, ng'ombe hana. Na mimi nataka baiskeli." Vitabu vinachukua kurasa kueleza visukumo na vivutio, mzee amemaliza kwa kodi na baiskeli. Walipanda treni, kisha lori. Lori likaharibika Morogoro, wakalala huko, na wenzake wengine hawakuendelea: Morogoro nako kulikuwa na mashamba ya mkonge, wakapata kazi hapo hapo. Nadharia ya uhamaji ya Everett Lee ya mwaka 1966 inazungumzia vikwazo vya njiani, na wataalamu wengine wanazungumzia fursa za njiani zinazomkatisha mhamaji kabla hajafika alikokusudia. Lile lori bovu lilikuwa vyote viwili.

Akanieleza kipande, kadi ya kazi, iliyopaswa kujazwa siku 30 ndipo ulipwe. Siku ukiumwa haihesabiwi, kwa hiyo mwezi wako unaweza kuwa mrefu kuliko wa kalenda. Nikamuuliza mbona hakurudi Kasulu.

"Nilirudi! Nani kakwambia sikurudi? Nilirudi na baiskeli, nikaoa, nikakaa, shamba dogo, ndugu wengi. Nikaja tena na mke. Shemeji akatufuata, na rafiki wa shemeji."

Hapo una uhamaji wa kurudi na uhamaji wa mnyororo kwa pumzi moja. Mwaka 1885 Ravenstein, aliyeandika kanuni za uhamaji, alisema kila mkondo wa wahamaji huzaa mkondo wa kurudi, na kweli. Alisema pia kwamba wengi huhama mwendo mfupi, na kwamba wanaokwenda mbali huelekea kwenye vituo vikubwa vya biashara na viwanda. Hapo mzee anampinga: alivuka nchi nzima kwenda kulala kambini katikati ya mkonge, kwa sababu mashamba yalikuwa na watu wa kuwafuata wafanyakazi huko huko Kigoma. Ravenstein alikuwa anasoma sensa za Uingereza. Hakukuwa na manamba mle. Nilipoliandika hilo kwenye jaribio la pili mwalimu alichora mstari chini yake na kuandika "hapa umesoma". Nililia kidogo kwenye bajaji, sioni haya kusema.

Mwisho mzee alitoka kambini bei ya mkonge ilipoanguka, nyuzi za viwandani zilipoingia sokoni katika miaka ya 1960 na mashamba yakaanza kupunguza watu. Akaja mjini. Ukitaka kujua kwa nini Tanga mjini utasikia Kiha, Kibena na Kimakonde pembeni ya Kidigo na Kisambaa, umejua.

Mkonge huo huo ukanisaidia kwenye viwanda. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62, na kutokana na hiyo ukaenea mkoa mzima. Nadharia ya Alfred Weber ya 1909, ya kiwanda kikae wapi, inasema malighafi inayopoteza uzito mwingi huvutia kiwanda kilipo chanzo chake. Niliikariri bila kuiamini mpaka nilipopanda toyo la mzigo kwenda shambani na kuona korona, mashine ya kuchakata mkonge, ikifanya kazi. Majani mabichi mazito yanaingia upande mmoja, upande wa pili zinatoka nyuzi kiasi cha mkono, na nyuma ya mashine kuna kilima cha machicha ya kijani yenye harufu kali inayoganda kwenye nguo. Nyuzi ni kama asilimia 4 ya uzito wa jani. Nani atabeba asilimia 96 ya machicha mpaka bandarini? Saruji ya Pongwe ni hivyo hivyo: kiwanda kimekaa juu ya mawe ya chokaa. Mifano miwili tu, ya kwetu, na sikuhitaji tena ile mifano ya chuma cha Ujerumani ambayo kila mtahiniwa huiandika.

Von Thünen, wa 1826, mwenye nadharia ya kilimo kinavyojipanga kuuzunguka mji, mpitie haraka lakini mpate alipofeli. Alisema karibu na mji hulimwa mboga na hufugwa ng'ombe wa maziwa, kisha msitu wa kuni, kisha nafaka, mbali zaidi mifugo ya nyama. Kwetu mchicha na matembele hutoka mabondeni ndani ya mji, mkaa hutoka mbali kidogo, ng'ombe wa nyama hutoka Handeni na Kilindi. Inakaribia kukubali. Lakini kabichi na karoti za Lushoto zinavuka zaidi ya kilometa 300 kwenda Dar es Salaam, na kwa utaratibu wake zingepaswa kulimwa Dar es Salaam kwenyewe. Yeye hakuweka milima kwenye nchi yake ya kufikirika, wala lami. Alikuwa na mkokoteni.

Dhana mbili za mwisho zilizonisumbua: mahali mji ulipokaa, na nafasi yake kwa maeneo mengine. Mahali ni hapa hapa chini ya miguu: ghuba iliyojikinga, kisiwa cha Toten mbele yake, ardhi ya matumbawe iliyo tambarare. Nafasi ni uhusiano: tuko mbele ya Usambara, tunatazama njia ya Kilimanjaro. Mfano mzuri ni kuulinganisha na Pangani. Pangani ina mto na ilikuwa bandari ya misafara karne ya 19, Tanga ikiwa nyuma yake. Wajerumani walipoanza kujenga reli mwaka 1893 waliianzishia Tanga, na kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilikuwa imefika Moshi. Mahali pa Pangani hapakubadilika, mto uko vile vile. Nafasi yake ndiyo iliyobadilika: mizigo ya bara ilipata mlango mwingine. Nenda Pangani siku moja usiku, uone majumba ya zamani na utulivu ule, hutachanganya tena dhana hizo.

Kuhusu mtihani wenyewe: ni wa Kiingereza. Mimi nilielewa kwanza kwa Kiswahili, nikieleza kwa sauti mpaka msaidizi wangu wa duka akachoka, ndipo nikajizoeza kuandika kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi. Vijana waliofanya kinyume walikuwa na Kiingereza kizuri kisicho na kitu ndani. Andika kwa mkono, tena kwa saa, kwa sababu vidole vya mtu mzima aliyezoea simu vinachoka mapema. Na wiki ya mtihani usiende dukani. Nilipanga hilo na bosi miezi mingi kabla, akakubali kwa kunung'unika. Nilipata nilichohitaji, sasa naomba chuo.

Utakutana pia na swali la mradi mkubwa na athari zake kwa makazi na ajira. Watu wa Tanga wote watakimbilia bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, kilometa 1,443. Litumie, ni mfano wetu, lakini tenganisha ajira za kujenga na ajira za kuendesha. Wakati wa kujenga wanahitajika wachimbaji, madereva, mama lishe, wenye nyumba za kupangisha. Bomba likishafukiwa, wanaobaki ni wachache na wengi wao ni mafundi wenye utaalamu maalumu. Kisha taja waliohamishwa kupisha njia, maana nao ni wahamaji, na kisukumo chao hakikuwa kodi wala ukosefu wa shamba.